Maji Ndani ya DOT 4

Dereva alikutwa amekufa kwenye usukani, chini ya mteremko mrefu wa machimbo ya mawe. Barabarani hapakuwa na alama hata moja ya matairi kuburuzwa. Breki zilikuwa zimemkataa.

Inspekta alipeleka sampuli ya mafuta ya breki maabara. Jibu lilimkunja uso. Gari lile lilitumia DOT 4, daraja la mafuta ya breki ambalo likiwa jipya halitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Hata likishanyonya unyevu, angalau lifike 155. Sampuli hii ilichemka kwenye 115. Ikichemka hugeuka mvuke, na dereva hukanyaga hewa tupu. Hayo hayakuwa mafuta ya kuzeeka. Mtu aliyatia maji.

Mjane alikuwa mahabusu tayari, na kichanga chake kifuani. Majirani walisema aligombana na mumewe asubuhi ile, na ndiye aliyeosha gari. Inspekta hakuzipenda kesi zinazopikwa na majirani.

"Mafuta ya breki yalikuwa na maji," alimwambia.

"Maji, afande? Si mafuta yangeelea juu? Mume wangu angeona!"

Koplo wake wa kituoni naye alikuwa amebisha hivyohivyo. Inspekta akachukua kofia, akaenda gereji.

Fundi, kaka wa marehemu, alitoka chini ya lori akijifuta mikono.

"Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa, afande."

"Mafuta ya breki yalikuwa na maji."

"Mengi?"

Inspekta alimkazia macho. "Hushangai?"

"Labda shemeji aliyatia alipoosha gari."

"Shemeji yako anaamini mafuta yangeelea juu ya maji. Atie maji mahali anapojua yataonekana? Wewe unajua yale huitwa mafuta kwa mazoea tu, na maji hupotelea humo. Nani mwingine alifungua kifuniko kile?"

Fundi alikalia tairi kuukuu.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza yule mwanamke. Nikamtuma mdogo wangu ampelekee salamu zangu, akarudi yeye ndiye mchumba wake. Kila asubuhi mke alimsindikiza getini, akamfunga kifungo cha shati. Kifungo kile, afande! Kiliniunguza roho. Nilitaka mdogo wangu avunjike mguu tu."

"Na shemeji alipokamatwa, ukanyamaza?"

"Mahabusu hapati mwanamume mwingine."

Inspekta alitamani kumzaba kibao. Akamfunga pingu.

Walipishana na mjane kwenye korido ya kituo, akitoka na mwanawe. Alikuwa ameshaambiwa.

"Tuligombana kwa ajili yako, shemeji," alisema taratibu. "Nilimwambia kanyagio linazama, apeleke gari gereji nyingine. Akanifokea: 'Roho yangu nimpe fundi mwingine, na kaka yangu yupo?'"

Fundi alimwomba koplo amwondoe pale haraka.