Upepo wa Landrova ya Maziwa

Kila asubuhi Felicitas na mumewe Nyaga hukusanya maziwa ya majirani huko Kanja, kisha huyapeleka mjini Embu kwa Landrova yao kuukuu. Mvua ikinyesha, njia huwa uji mtupu. Nyaga hupunguza upepo wa matairi ili yasizame. Wakifika lami ni lazima ayajaze tena, maana tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka.

Siku moja baada ya mvua, walipofika lami, Nyaga alichomeka kompresa mpya, mashine ndogo ya kujaza upepo, kwenye tundu la kuwashia sigara. Ikanguruma kama paka mwenye kifua. Tairi la kwanza halijajaa, ikatoa moshi, ikazima. Fyuzi ilikuwa imeungua.

Waliazima pampu ya mguu, lakini jua halikuwangoja. Kwenye kituo cha kupokea maziwa, yalipimwa yakakutwa yamechacha. Yakamwagwa mtaroni, Felicitas akiangalia.

"Jasho la cucu Marcella, bibi kizee mwenye ng'ombe mmoja tu!" alifoka. "Na yule muuzaji wa kompresa alisema nini? 'Mama, hii ni mia na hamsini, hata lori inajaza!' Mwongo!"

"Punguza sauti, mke wangu," Nyaga alisihi.

"Sipunguzi! Kesho nani atatupa maziwa yake?"

Kasim, mwenye bucha hapo jirani, alisikia. Yeye hufuata mbuzi Mbeere, kwenye mchanga, kwa Landrova yake, kwa hiyo naye anazijua kompresa.

"Kumbe simba ni wa kike!" alicheka. "Lete hicho kidude nikione."

Akakigeuza. "Hiyo mia na hamsini ni nguvu ya kusukuma. Tairi lako linataka thelathini na tano tu. Ng'ombe anaweza kupiga teke kali na asitoe hata kikombe. Usiulize teke, uliza maziwa! Inatoa lita ngapi za upepo kwa dakika? Inafanya kazi muda gani kabla ya kupumzika? Soma hapa chini."

Felicitas akakodoa macho. "Uongo wameuandika kama bango, ukweli kama chawa!"

Alirudi dukani, akasimama mbele ya meza, hakuondoka mpaka muuzaji alipombadilishia. Safari hii alisoma lita kwanza.

Ili kuifunga kwenye gari, walikwenda kwa Kasim. Nyaga aliona nafasi karibu na ekzosi, bomba la moshi.

"Unataka kuichoma kama nyama?" Kasim aliuliza. "Weka upande ule, mbali na joto, juu, matope yasiifikie. Waya uwe mnene, utoke moja kwa moja kwenye betri. Lile tundu la sigara haliwezi mzigo huu. Na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya ukikwaruzwa, fyuzi ikatike, gari lisiungue."

"Na betri ikiisha?" Felicitas aliuliza.

"Jaza upepo injini ikiwa inanguruma."

Majirani walinung'unika, lakini walitoa maziwa tena. Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa. Walipofika lami, Nyaga alijaza matairi yote manne bila fyuzi kuungua, na kituo kikapokea maziwa yote.

"Mungu asifiwe, mvua haikutushinda," cucu Marcella alisema jioni.

"Asifiwe," Felicitas alijibu. "Lakini siku ile, cucu, maziwa yako hayakumwagwa na mvua. Yalimwagwa na mdomo wa muuzaji."