Shela Juu ya Kioo

Cheka basi, umalize. Wewe huamini jini mpaka likuvunjie sufuria. Ukishamaliza, funga mdomo ufungue masikio, maana hata Hasina alikuwa akicheka hivyo hivyo.

Hasina aliolewa na Abdulmalik, fundi cherehani wa soko la Kakamega. Uzuri alikuwa nao, na alijua. Hakupita mbele ya kioo cha chumbani bila kusimama. Siku moja jirani yake Awinja, akianika nguo, akamchokoza:

"Wewe hutazamanga hicho kioo! Utangoja kikuzalie mtoto?"

"Naweza kukiacha mpaka mahindi yavunwe." Na mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yamepandwa.

"Wewe? Hata wiki hautoboi."

Hasina akaingia ndani kwa hasira, akachomoa sandukuni nguo ya kwanza iliyomjia mkononi, akakifunika kioo. Ilikuwa shela yake ya arusi.

Kwanza ilikuwa harufu tu. Udi mbichi, na nyumbani hapakuwa na chetezo kilichowashwa. Kisha mchana mmoja, Hasina akisonga ugali, macho yakimtoka machozi kwa moshi, akamsikia mumewe chumbani akisema kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu fungate:

"Leo umependeza, Hasina."

Akatupa mwiko. "Unasema na nani?"

"Na wewe."

"Mimi niko huku jikoni!"



Kumwonea wivu mwanamke mwingine ni kazi; kumwonea wivu mwenye uso wako mwenyewe ni wazimu. Hasina akawa ananusa mashati ya mumewe, anasikia bangili zikigongana chumbani ambamo hamna mtu, anasikia minong'ono inayokatika akishika tu kitasa, na kila akiingia anamkuta Abdulmalik ameketi kitandani ameielekea ile shela, nayo shela, madirisha yote yakiwa yamefungwa, inavutwa ndani na kusukumwa nje, ndani na nje, pale pale ambapo mdomo wa mtu ungekuwa.

Akaletwa Mwalimu Sulemani kutoka Mumias. Alinusa mlangoni, asivuke kizingiti.

"Ulikifunika na nini?"

"Shela yangu ya arusi, mwalimu."

"Na aliyefunua kwanza ni nani?"

Abdulmalik akatazama chini. "Mimi. Nilitaka kuchana ndevu tu."

"Subhanallah! Humo mna jini. Mke amelivika shela, na wewe mwanamume ukalifunua uso. Kwake hiyo ni ndoa, mwanangu. Halitoki mpaka uliache. Litamkie talaka, mke wako akisikia."

Wakasimama wawili mbele ya kioo, Hasina akaivuta shela. Ndani ya kioo alikuwamo mwanamke mmoja tu, ubavuni mwa Abdulmalik, amepambwa, hina bado mbichi mikononi. Mikono ya Hasina ilikuwa na unga. Yule hata hakumtazama Hasina. Alimtazama mume.

"Mwambie," Hasina akanong'ona. "Neno moja tu, mume wangu."

Abdulmalik hakuondoa macho kiooni.

"Hasina... huyu hanigombezi."

Hasina hakulia. Akachukua baibui lake msumarini, akaelekea mlangoni.

"Hasina!" mumewe akaita.

Akageuka ajibu. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka kule nyuma, kwenye kioo, kwa sauti yake mwenyewe, tamu kuliko alivyowahi kuitoa yeye:

"Labeka, mume wangu."

Hasina akatoka, akafunga mlango.