Pete ya Melini

Kila Jumapili asubuhi, gari la Fridolin lilioga kabla ya Fridolin mwenyewe. Balbina, mke wake, alikuwa ameshazoea. Alimpashia mumewe maji, yakapoa, akayapasha tena, na mume bado yuko chini ya gari anasugua matope kwa brashi. Wakitoka kwenda kanisani, gari linang'aa na mwenye gari ana tope sikioni.

Lilikuwa Landkruza la zamani, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Fridolin alilitumia kubeba abiria na magunia ya mpunga. Nyumbani kwao ni Ifakara, lakini kazi yake kubwa ilikuwa njia ya kutoka Mlimba kwenda Masagati. Anayekwenda Masagati, treni inamfikisha Mlimba tu. Kutoka hapo, wakati wa masika, magari yanayothubutu kwenda mbele ni ya kuhesabu, na hilo ni mojawapo.

Huko Masagati anaishi mama yake Fridolin, Bibi Restituta. Analima mpunga na ndizi, na hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Yeye ndiye aliyemlea Ursula, binti mkubwa wa Fridolin na Balbina, tangu alipoachishwa ziwa hadi alipoanza sekondari.

Sasa Ursula alikuwa amechumbiwa. Ndoa ilipangwa kufungwa Ifakara, baada ya Pasaka. Mambo mengine yote aliwaachia wazazi, ila moja.

"Bibi awepo," alisema. "Bila bibi, mimi siingii kanisani."

Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana bibi alikuwa ameapa kwamba hatapanda tena gari la mwanawe. Na sababu alikuwa nayo.

Ilitokea mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshachanganya. Kati ya Mlimba na Masagati kuna dimbwi la matope ambalo abiria wanaliita Ofisini, kwa sababu ukifika pale lazima ukae ungoje. Siku hiyo Bibi Restituta alikuwa anarudi kwake kutoka Ifakara. Alikuwa na sufuria mpya, kubwa, ya kumpa Ursula siku ya harusi. Balbina alimwomba aiache mjini. Bibi alikataa, kwa sababu hakuamini kwamba mkwe wake ataiona ile sufuria kila siku asiipikie.

Walipofika Ofisini, gari likazama. Obadia, mkulima anayeishi karibu na pale, akaja na trekta lake kuvuta. Kamba ikafungwa kwenye pete ndogo ya chuma iliyo chini ya bampa la mbele, kama siku zote.

Watu wa njia ile wana adabu yao. Gari likikwama, hakuna abiria anayesimama pembeni. Hata kama ni trekta linalovuta, kila mtu hushika kamba, mzee kwa kijana, ili ionekane naye ametoa jasho. Anayekaa mbali anahesabiwa kuwa na maringo. Bibi Restituta alikuwa mkali wa adabu hiyo kuliko wote. Aliwahi kumwita mwalimu mmoja "mgeni rasmi" njia nzima, kwa sababu tu alisimama kando akilinda viatu vyake.

Basi bibi alishika kamba, karibu kabisa na trekta. Sufuria yake aliiweka chini, miguuni pake. Trekta lilipoanza kukaza, kandambili yake moja ikabaki kwenye tope. Akaachia kamba, akarudi nyuma kuitafuta. Akiwa ameinama, ukasikika mlio kama wa bunduki.

Pete ilikuwa imekatika. Iliruka pamoja na kamba, ikapita pale alipokuwa amesimama bibi, ikatoboa sufuria, ikaenda kugonga tairi la trekta. Abiria wawili walichubuka viganja. Wengine walibaki wanaitazama ile sufuria.

Bibi Restituta alivaa kandambili yake. Alijitwika sufuria, akamaliza safari yake kwa miguu. Fridolin alimfuata akimwita, lakini hakugeuka.

Tangu siku hiyo Fridolin hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliona lile tundu. Alijilaumu, kisha akailaumu kamba. Mwishowe akanunua kamba nyingine, nene zaidi, akaja nayo nyumbani ameibeba begani. Alimwambia Balbina kwamba sasa mambo yamekwisha. Ataifunga nyuma ya gari, kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia tela, maana kile ni chuma kizito.

Mwanasha alikuwepo, amekuja kurudisha ungo. Mwanasha ni jirani yao. Amezaliwa Kidatu, baba yake alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Yeye ni dereva wa mradi wa utafiti wa mbu, na huwapeleka watafiti vijijini masika na kiangazi. Kazini walimfundisha namna ya kulivuta gari lililokwama, na mwenyewe amekwama mara nyingi vya kutosha. Alimsikiliza Fridolin mpaka mwisho, ndipo akauliza.

"Shemeji, siku ile kamba ilikatika wapi?"

"Kamba haikukatika. Iko nzima."

"Basi unailaumu bure. Kilichokatika ni chuma. Ukifunga kamba nene zaidi kwenye chuma kilekile, kitakatika tena."

Mwanasha alichuchumaa mbele ya gari, akamulika chini kwa simu. Akawaonyesha pete ya pili, pacha wa ile iliyoruka. Aliwaeleza kwamba pete zile si za kuvutia gari. Ni za kulifungia gari lisiserereke linaposafirishwa melini. Gari likiwa limetulia melini, pete inatosha. Gari likiwa limezama kwenye tope na mzigo ndani, pete haiwezi.

Fridolin aliuliza kuhusu kile kichwa cha tela. Mbona kinavuta tela la magunia bila taabu?

"Tela lina magurudumu, linakufuata lenyewe," Mwanasha alisema. "Gari lililozama limeshikwa na tope, halikufuati. Kichwa hicho kikikatika shingo, kinaruka kama risasi. Kimeshaua watu. Usifunge kamba hapo hata siku moja. Wala kwenye bampa, wala kwenye vyuma vya usukani."

Fridolin alikuwa ameendesha njia ile muda mrefu, na hakupenda kufundishwa gari lake mbele ya mke wake. Balbina aliliona hilo.

"Baba Ursula," alisema taratibu, "hiyo pete umeisugua kila Jumapili. Hukuwahi kujiuliza ni ya nini?"

Fridolin akajaribu kukasirika, akashindwa, akacheka. Kisha akachukua mkeka, akautandika chini ya gari, akamwomba Mwanasha aanze upya, polepole.

Mahali pa kuvutia gari, Mwanasha alieleza, ni kwenye chasisi, yaani ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. Hapo hufungwa kulabu maalumu, mbili mbele na mbili nyuma. Ziwe zimetengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na ziwe zimeandikwa uzito zinaoweza kuvuta. Uzito huo uzidi sana uzito wa gari pamoja na mzigo wake. Zifungwe kwa bolti ngumu zinazotakiwa, si bolti ya kuokota. Wakati wa kuvuta, mkanda mfupi unaunganisha kulabu zote mbili, ili mzigo ugawanyike. Kamba ya trekta inashika mkanda huo katikati, kwa pete nene yenye pini.

Kesho yake walikwenda kwa fundi Hermenegildi. Fundi alisema ana kipande kizuri cha chuma, atakichomelea mara moja na kazi imekwisha. Mwanasha alimkatalia kwa heshima. Chuma cha kuchomelea hakuna anayejua kinabeba kiasi gani, mpaka siku kitakapokatika. Hermenegildi hakubisha. Kulabu za kiwandani ziliagizwa Morogoro, zikaja na basi, akazifunga yeye mwenyewe. Zile pete za melini zilizobaki, mbele na nyuma, alizing'oa zote, asije mtu akafunga kamba pale kwa mazoea.

Wiki ya harusi, Fridolin na Balbina walikwenda Masagati kumchukua bibi. Walimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja na nini?"

"Tumekuja na gari, mama."

"Basi mtarudi nalo."

Fridolin hakubishana naye. Alitandika mkeka mbele ya gari, akamwomba aangalie tu. Bibi alisitasita, kisha akainama. Fridolin alimwonyesha mahali pete ilipokuwa, na sasa hapana kitu. Akamwonyesha kulabu mpya. Bibi alizishika, akazivuta, akazitikisa kwa nguvu zake zote.

"Likikwama, mimi nitashika wapi?" aliuliza.

"Hutashika popote, mama. Utakaa mbali. Kila mtu atakaa mbali zaidi ya urefu wa kamba."

Hapo bibi aliinuka kwa hasira. Yeye, Restituta, akae mbali watu wanateseka? Wamwite mgeni rasmi? Afadhali abaki na mchele wake.

Balbina hakuwa na mazoea ya kumjibu mama mkwe wake. Siku hiyo alimjibu.

"Mama, siku ile ni kandambili iliyokuondoa pale. Safari hii usingoje kandambili. Ursula anakutaka ukiwa mzima."

Bibi aliingia ndani, akatoka na sufuria yake.

Usiku ule mvua ilinyesha sana. Asubuhi walipakia abiria wengine, wakaondoka. Walipofika Ofisini, gari likazama mpaka kwenye milango, na Balbina akatumwa kumwita Obadia.

Fridolin aliwaambia abiria kwamba msaada wao unahitajika sasa hivi, kabla kamba haijakaza. Alitoa majembe na koleo. Wakachimba tope mbele ya magurudumu, wakaweka matawi, wakashusha magunia. Walichafuka wote na walifurahi, maana kazi ilikuwa ya kila mtu. Obadia alipofika, Fridolin alifunga mkanda kwenye kulabu mbili, akaunganisha kamba, akamwomba Obadia alinyooshe trekta mbele ya gari ili kamba isiende mshazari. Juu ya kamba akalaza blanketi kuukuu lililoloweshwa maji, ili kamba ikikatika ianguke chini badala ya kuruka.

Kisha akawaomba watu wasogee mbali, pembeni, na mtu asiivuke kamba. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameshapanga mistari, mikono tayari.

"Fridolin siku hizi hataki msaada wetu," mtu mmoja alisema. "Amenunua vyuma, sasa anatuona sisi takataka."

Fridolin aliwaeleza kuhusu pete na kulabu. Waliitikia kwa vichwa, na mikono ikabaki kwenye kamba. Alikataa kumpa Obadia ishara. Wingu lingine lilikuwa linapanda milimani. Dimbwi likijaa, hakuna gari wala trekta litakalopita, na Ursula anangoja Ifakara. Fridolin aliogopa kuvuta na aliogopa kutovuta.

Ndipo Bibi Restituta aliposimama. Alijitwika ile sufuria, akapita mbele ya watu wote, akaenda mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa mbali, pembeni ya njia. Akaketi juu yake, akatengeneza khanga yake.

"Mimi ni mgeni rasmi," alisema kwa sauti. "Anayetaka kunisema aje anisemee huku."

Watu walitazamana. Kisha mmoja akacheka, akaachia kamba. Mwingine akamfuata. Hatimaye wote walikuwa wamezunguka kichuguu, wanamtania bibi, naye anawajibu. Kwenye gari alibaki Fridolin peke yake, kwenye trekta Obadia peke yake. Balbina alisimama mbali upande wa pili, mahali wote wawili wanapomwona. Walikubaliana kwamba ishara ni yake tu.

Balbina akainua mkono. Obadia akasogea polepole, bila kushtua. Kamba ikanyooka, ikakaza. Gari likatikisika, likaguna, likapanda matawi, likatoka. Hakuna kilichokatika na hakuna aliyeguswa.

Siku hizi, gari lolote likikwama Ofisini, abiria huchimba kwanza, kisha huenda kukaa kwa Mgeni Rasmi. Hilo ndilo jina la kichuguu kile. Madereva wengine pia wamemfuata Hermenegildi kufungiwa kulabu, na Obadia havuti gari lisilo nazo.

Harusi ilifana. Bibi Restituta alicheza mpaka akaomba kiti. Ulipofika wakati wa zawadi, alipita mbele na sufuria yake. Alikuwa ameipeleka kwa fundi, ikazibwa, ikang'arishwa. Ursula aliipokea kwa kupiga goti. Kisha akaona kiraka pembeni, kipana kama kiganja. Hakuna aliyekuwa amemweleza yaliyotokea, wasije wakamharibia furaha yake.

"Bibi," alinong'ona, "mbona ina kiraka?"

"Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama kule Ofisini, gari la baba yako likivutwa," bibi alisema.

Ursula alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, akaelewa. Aliweka sufuria chini, akamkumbatia bibi yake kwa nguvu, shela ikawafunika wote wawili.