Kisima Kwenye Jiwe la Itale

Fundi mawe hakuzoea kushindwa na jiwe. Aliishi na mkewe na watoto wao mapacha pembeni mwa jangwa, kwenye mawe magumu ya itale, na kazi yake ilikuwa kuyachonga. Lakini sasa jiwe lilikuwa limemtoa jasho. Alichimba kisima mpaka shimo likampita kichwa, na ndani hamna hata unyevu.

"Baba Mapacha!" mkewe alimwita kutoka juu. "Nimechoka kufuata maji bondeni. Mgongo wote unauma. Mimi nafunga mizigo, tuhamie kwa kaka yangu."

"Na karakana yangu?"

"Ibebe kichwani."

Fundi alicheka, lakini moyo ulimwuma. Hakutaka kuhama.

Mchana dada yake, mchimbaji wa visima, alikuja kuwasalimu. Akachungulia shimoni.

"Kaka, nani alikuchagulia hapa?"

"Mimi mwenyewe. Nilitafuta jiwe zima, lisilo na ufa. Ndivyo ninavyochagua siku zote."

"Hilo ni la kuchonga, kaka yangu!" Dada aliokota kipande. "Unaona chembe hizi? Zamani sana jiwe hili lilikuwa uji wa moto, umejaa kwenye chumba kikubwa chini ya ardhi. Halikutoka nje kama volkano. Lilipoa polepole mno, chembe zikakua na kushikana. Baadaye upepo na mvua vikala ardhi ya juu, jiwe likatokeza."

"Na maji?"

"Chembe zimebanana hivyo, maji yatakaa wapi? Yanakaa kwenye nyufa. Kwenye itale, tafuta nyufa."

Fundi alijikuna kichwa. "Basi nyuma ya karakana kuna jiwe bovu. Limepasuka ovyo. Miaka yote nalikwepa."

Walikwenda kuliona. Nyufa zilikutana hapo, na majani mabichi yameota katikati.

"Chimba hapa," dada alisema. "Jengea kingo zisiporomoke. Weka mfuniko, na choo kiwe mbali, maana uchafu nao hupita kwenye nyufa."

Fundi alichimba siku nyingi. Jiwe bovu lilimeguka vizuri. Asubuhi moja miguu yake ikalowa. Alisubiri, maji yakapanda taratibu mpaka magotini.

"Mama Mapacha! Shusha ndoo!"

Mkewe alifika ukingoni, akatazama chini. Machozi yalimtoka.

"Ndoo nimeshaifunga kwenye mizigo," alisema. "Ngoja nikaifungue."