Sweta la Mwisho la Bibi Ruthi

Kila Jumamosi ua wa kina Jenifa pale Chumbageni hujaa mabeseni. Mama yake hufua shuka upande mmoja, na jirani yao, Mama Sabra, huchemsha kanzu nyeupe za mumewe kwa sabuni ndani ya sufuria kubwa. Kazi ya Jenifa ni kuanika, huku akipiga soga na rafiki yake Sabra.

Jumamosi moja hakuwa na soga. Chini ya kitanda alikuwa ameficha sweta jeupe la sufu alilofumiwa na Bibi Ruthi wa Lushoto. Bibi alilifuma macho yake yakififia. "Hili ndilo la mwisho, mjukuu wangu," alimwambia. "Krismasi uje umelivaa." Lakini jana yake Jenifa alitaka kuringa. Alilivaa na joto lote lile la Tanga, akaenda kula mabibo, matunda ya mkorosho, na Sabra. Maji ya bibo yakamdondokea kifuani, yakaacha doa la kahawia.

"Mwambie mama yako," Sabra alimshauri.

"Atanigombeza. Mbona kanzu za baba yako zikichemshwa zinatakata?"

Kanzu zile ni za pamba, ila Jenifa hakuliwaza hilo. Mama alipokwenda sokoni, Jenifa alilichemsha sweta, akalisugua na kulikamua kwa nguvu zake zote. Doa lilibaki palepale. Sweta likakakamaa na kusinyaa, likawa saizi ya mdogo wake Bryson, ambaye hata shule hajaanza.

Siku chache baadaye Bibi Ruthi alishuka Tanga kutibiwa macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sweta langu liko wapi, nilipapase?"

"Nimelisahau shuleni, bibi."

Bibi aliitikia tu kwa kichwa. Kuaminiwa hivyo kulimuuma Jenifa kuliko fimbo. Jioni alilitoa sweta, akamwekea bibi mapajani. Vidole vya bibi viliufuata mkono wa sweta, vikafika mwisho upesi mno.

"Nimelichemsha, bibi. Shuleni halikufika. Nisamehe."

Bibi aliagiza maji ya uvuguvugu yenye dawa ya kulainishia nywele. Walililoweka, wakalitandaza juu ya taulo na kulivuta taratibu. Lililainika, lakini halikurudi saizi yake.

Krismasi, kwenye baridi ya Lushoto, sweta alilivaa Bryson. Bibi alimpapasa Jenifa begani.

"Umevaa nini?"

"Jaketi la mama. Linanipwaya."

"Doa bichi husuuzwa kwa maji baridi saa ileile," bibi alisema kwa upole. "Sufu haichemshwi wala haikamuliwi. Na hata doa lisingetoka, ungelivaa hivyohivyo, mimi ningefurahi. Ulipoficha, ulitunyima nafasi ya kukusaidia."

"Ndiyo, bibi."

Bibi alivitafuta vifungo vya jaketi kwa vidole, akamfunga kimoja kimoja hadi shingoni.