Makunyanzi ya Mdomo na Sindano ya Saluni

Kila asubuhi mama mmoja, askari wa usalama barabarani, alivaa glavu zake nyeupe akasimama katikati ya makutano ya barabara nne. Akipuliza filimbi, magari yalisimama. Akipuliza tena, yaliondoka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Madereva walikuwa wamesahau jina lake la kuzaliwa. Walimwita Filimbi, na yeye alikuwa ameridhika nalo.

Filimbi alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Mumewe alikuwa mwoka mikate, mtu wa maneno machache na sigara nyingi. Mdogo wake Filimbi wa kike alikuwa na saluni ya nywele mtaa wa pili. Huyo watu walimwita Kitana. Dada hawa wawili walikuwa chanda na pete. Hakuna wiki iliyopita bila mmoja kumtembelea mwenzake.

Siku moja askari wote waliambiwa wapige picha za vitambulisho vipya. Filimbi akakaa mbele ya kamera.

"Sogea kulia kidogo, afande," alisema mpiga picha. "Usicheke. Usinune pia."

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Filimbi akaduwaa. Macho yalikuwa yake. Pua ilikuwa yake. Lakini ule mdomo! Ulizungukwa na mistari mingi midogo, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa kamba.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, afande. Nikufutie hiyo mistari? Ni dakika moja tu."

"Utaifuta usoni au kwenye picha?"

"Kwenye picha, afande. Usoni siwezi."

Filimbi alirudi nyumbani. Alisimama mbele ya kioo mpaka chai ikapoa. Mumewe alimtazama.

"Mbona unajikagua kama gari bovu?"

"Baba watoto, niambie kweli. Nimezeeka?"

Mumewe alipangusa unga mikononi. "Kila mtu anazeeka," alisema.

Jibu hilo lilimchoma kuliko kimya.

Wiki nzima Filimbi alijipaka limau na sukari kila asubuhi, kisha akaenda kusimama juani. Ngozi iliwasha. Siku ya nne ilianza kubabuka. Siku ya saba alikuwa na doa jeusi juu ya mdomo, na makunyanzi yalikuwa palepale.

Kitana alipoliona doa hilo, alishika kiuno.

"Dada, unajikaanga na malimau ya nini? Jumamosi anakuja mtaalamu pale saluni. Wateja wanamwita Dokta Uso. Anachoma sindano kidogo tu hapa juu ya mdomo. Mistari yote kwaheri."

"Ni daktari kweli?"

"Anavaa koti jeupe."

"Na wewe je, una makunyanzi gani? Una miaka thelathini na mitano tu."

"Mimi nataka mdomo ujae kidogo. Nitaanza mimi, uone kwamba haiumi."

Filimbi alisita. Lakini akakumbuka ile picha. Akakubali.

Jumamosi mchana Dokta Uso alifika. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye mkoba mwekundu na sauti ya asali. Hakuuliza kama Kitana ana ugonjwa wowote. Hakunawa mikono. Alimkalisha kwenye kiti cha kusukia nywele, akavuta dawa kutoka kwenye kichupa, akamchoma juu ya mdomo upande wa kulia.

"Aah!" Kitana akaruka. "Inauma!"

"Urembo una kazi yake, mpenzi," alisema Dokta Uso huku akicheka.

Filimbi alikuwa amekaa pembeni akingoja zamu yake. Ghafla akaona kitu. Ngozi juu ya mdomo wa mdogo wake ilikuwa inabadilika. Ilipauka. Ikawa nyeupe kama chaki, kuanzia mdomoni hadi karibu na pua.

"Hiyo ni nini?" Filimbi alisimama.

"Kawaida tu. Nipeni barafu. Itaisha jioni."

Lakini haikuonyesha dalili ya kuisha. Mistari ya zambarau ilianza kujichora juu ya ule weupe, kama nyufa kwenye sahani. Filimbi aligusa. Ngozi ilikuwa ya baridi. Akabonyeza upande wa kushoto, damu ikarudi mara moja. Akabonyeza upande wa kulia. Damu haikurudi.

"Dada," Kitana alisema kwa sauti ndogo, "naona kama mdomo wangu unaungua kwa ndani."

Filimbi alikuwa ameona ajali nyingi barabarani, lakini jambo kama hili hakuwahi kuliona. Alichukua simu akampigia jirani yake, muuguzi wa kitengo cha ngozi katika hospitali kubwa. Akamweleza alichokiona.

"Nisikilize vizuri," alisema muuguzi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hiyo dawa imeziba mshipa wa damu. Msiweke barafu, barafu inabana mishipa zaidi. Wekeni kitambaa chenye uvuguvugu. Mleteni sasa hivi, msisubiri hata dakika. Na mje na kichupa cha dawa."

Filimbi aligeuka. Dokta Uso alikuwa tayari mlangoni, mkoba begani.

"Kichupa kinabaki!" Filimbi alifoka kwa sauti ya kazini. Yule mwanamke akakitupa juu ya meza, akatimua mbio, koti lake likipepea.

Walipanda teksi. Barabara ilikuwa na foleni ndefu. Kwenye makutano ya Filimbi kulikuwa na mwenzake wa zamu, kijasho kikimtoka. Filimbi alitoa kichwa dirishani.

"Nifungulie njia! Ni mdogo wangu!"

Mwenzake hakuuliza swali. Alisimamisha pande tatu zote, teksi ikapita peke yake kama msafara wa wakubwa.

Hospitalini muuguzi alikuwa anawasubiri mlangoni. Daktari wa ngozi aliubonyeza mdomo wa Kitana, akatikisa kichwa. Kisha akakigeuzageuza kile kichupa. Hakikuwa na jina la kiwanda wala tarehe.

"Hapa sijui kuna nini," alisema. "Kuna dawa za kujaza ngozi ambazo tunaweza kuziyeyusha. Lakini wengine wanachoma silikoni au mafuta. Hayo hayayeyuki. Nitajaribu. Tuombe iwe ile ya kwanza."

Alichoma dawa ya kuyeyusha kwa sindano ndogondogo kuzunguka eneo lile. Filimbi alimshika mdogo wake mkono. Baada ya muda, daktari alichoma tena.

"Je, kama haitayeyuka?" Filimbi aliuliza.

"Ngozi isiyopata damu inakufa," daktari alijibu. "Inakuwa nyeusi, inaoza, inadondoka. Na mishipa ya mdomo imeungana na mishipa ya macho. Nimewahi kumwona mgonjwa aliyepoteza jicho kwa sababu ya sindano ya usoni."

Filimbi aliukaza mkono wa mdogo wake. Jicho! Walikuwa wamekwenda kutafuta urembo.

Saa moja baadaye daktari alibonyeza tena. Safari hii weupe uliondoka, na damu ikarudi polepole. Alibonyeza mara mbili kuhakikisha.

"Mmebahatika," alisema. "Tutamlaza tumwangalie. Huenda pakabaki kidonda. Mngechelewa mpaka kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Filimbi alitoka chumbani hadi koridoni, akakaa kwenye benchi, akalia. Muuguzi akaja kukaa naye.

"Jirani," Filimbi alisema, "miaka kumi na tisa nawadai watu leseni. Dereva akiwa na sura nzuri, nadai leseni. Akiwa na suti, nadai leseni. Yule mwanamke nilimwona anamchoma sindano mdogo wangu, na sikumwuliza hata jina lake!"

"Usijiue kwa lawama. Watu kama yule wanajua kumnasa mtu aliye na wasiwasi."

"Haya, niambie basi. Haya makunyanzi yametoka wapi? Mama yangu aliyapata akiwa na miaka sitini."

Muuguzi alimtazama usoni kwa makini.

"Chini ya ngozi kuna nyuzi zinazoishikilia iwe imara, kama vyuma ndani ya zege. Umri ukisogea, nyuzi hizo hupungua. Kwa mwanamke hupungua haraka zaidi hedhi inapokaribia kukoma. Hilo ni la kila mtu. Lakini kinachozivunja kabla ya wakati ni jua. Wewe unasimama juani saa ngapi kwa siku?"

"Saba. Nane. Lakini ngozi yangu ni nyeusi. Si nasikia sisi jua halitudhuru?"

"Weusi hutukinga kiasi, si kabisa. Makunyanzi huchelewa, lakini huja. Halafu kuna filimbi. Fanya kama unapuliza."

Filimbi akakunja midomo. Muuguzi akatoa kioo kidogo mkobani. Filimbi aliona mistari ileile ikijikunja mahali palepale.

"Kumbe!"

"Kunja karatasi mahali pamoja mara elfu, alama haitoki. Wavutaji wa sigara pia wanakunja hivyohivyo, na juu yake moshi wenyewe unaharibu nyuzi. Unavuta?"

"Mimi sivuti. Mume wangu ndiye anavuta, tena ndani ya nyumba."

"Basi moshi wake unakufikia. Na meno? Yote yapo?"

Filimbi aliona aibu. "Mawili ya juu niling'oa. Sikuweka mengine."

"Meno ndiyo yanayousimamisha mdomo. Yakikosekana, mdomo unabonyea ndani."

Filimbi alijigusa juu ya mdomo. Alikuwa amelaumu miaka yake tu.

"Dawa ipo?" aliuliza.

"Ya kuyafuta yote kwa siku moja, hakuna. Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Anza na losheni ya kuzuia jua, kinga iliyoandikwa kwenye chupa iwe thelathini au zaidi. Paka kila asubuhi, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Vaa kofia yenye ukingo mpana. Limau acha kabisa. Limau na jua huunguza ngozi, ndiyo maana una hilo doa. Daktari akikuona, anaweza kukupa krimu yenye vitamini A. Unapaka kidogo tu, kama punje ya njegere, wakati wa kulala. Mwanzoni inaweza kuwasha. Na mjamzito haitumii."

"Na sindano?"

"Zipo za halali, na kuna mashine za mwanga pia. Lakini ni kazi ya daktari aliyesomea, anayeijua ngozi nyeusi, na mwenye dawa ya kuokoa ikitokea balaa. Si kwenye kiti cha kusukia."

Siku ya tatu Kitana alirudi nyumbani. Kidonda kilichukua wiki sita kupona, kikaacha kovu dogo juu ya mdomo. Dokta Uso naye alikamatwa kwenye saluni nyingine, sindano ikiwa mkononi. Polisi walipomhoji, watu walishika vichwa. Hakuwahi kusomea hata huduma ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mashuka. Kazi ya sindano alijifunza kwa kutazama video kwenye simu.

Filimbi alimwendea mkuu wake wa kazi, akamweleza yote bila kuficha. Mkuu alitoa kibali cha kofia pana kwa askari wote wa barabarani, na zamu za juani zikapunguzwa. Filimbi akaanza kutumia mikono zaidi kuliko filimbi. Aliweka meno mawili ya bandia. Losheni alitembea nayo mfukoni, akipaka huku madereva wakimtania, "Afande, unakwenda harusini?"

Mumewe alikuwa mgumu kidogo. Siku aliposikia habari ya moshi, alitoa sigara mdomoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimekuzeesha?"

"Si wewe peke yako. Lakini mkono wako upo."

Mwoka mikate aliondoka na pakiti yake, akaenda kuvutia nje. Mwezi uliofuata alikwenda kliniki kuomba msaada wa kuacha. Alirudia kuvuta mara mbili, mara ya tatu akaacha kweli.

Baada ya miezi minane doa la Filimbi lilikuwa limefifia. Ngozi ilikuwa laini. Makunyanzi yalikuwepo bado, lakini hayakuwa na kina kama zamani, na hakuna jipya lililoongezeka.

Alasiri moja Filimbi alikuwa saluni akingoja kusukwa. Mteja mmoja mgeni alikuwa kwenye kiti, akijitazama kiooni na kujivuta ngozi ya mdomo.

"Samahani, dada," alimwambia Kitana. "Nimesikia hapa anakuja mtu wa sindano za uso. Anakuja lini?"

Kitana aliweka chini chanuo. Akazunguka mbele ya kiti, akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa yule mteja.

"Gusa hapa," alisema.

Mteja aligusa lile kovu. Kitana akamsimulia kila kitu: weupe kama chaki, ule moto wa ndani, mkoba mwekundu ukikimbia, kitengo cha ngozi kule hospitalini, na habari ya jicho. Mteja alisikiliza mkono ukiwa kifuani. Aliporudisha macho kiooni, hakujivuta tena ngozi.

"Kile kitengo cha ngozi," aliuliza taratibu, "kinafungua saa ngapi?"