Kiti cha Adui

Taa ndogo ya pedi ya pili ya kuchezea gemu iliwaka saa saba na dakika tano mchana, kweupe kabisa, jua limejaa dirishani na wafanyakazi wote wametoka kwenda kula. Ndiyo, mchana. Wanaosema majini husubiri giza hawajawahi kubaki ofisini peke yao saa ya chakula.

Aliyebaki ni Kidole. Ndivyo walivyomwita wenzake katika karakana ile ya kutengeneza gemu, kwa ajili ya dole gumba lake la kulia, jepesi kuliko ulimi wa mmbea. Kazi yake ilikuwa kupigana. Mama mzima wa miaka arobaini na minane, mjane, miwani puani, anakaa mbele ya skrini tangu asubuhi akikatana mapanga na maadui, kisha anaandika ripoti: huyu anakinga kupita kiasi, huyu ukimpiga hajibu, huyu ni gunia tu, mrudisheni kwa fundi. Wenzake wanne walikuwa vijana wenye adabu. "Shikamoo, Kidole." "Marahaba, wanangu." Wakishaitikiwa wanavaa hedifoni zao, na basi, mpaka kesho. Kuna wiki zilipita hajaongea na mtu neno refu kuliko hilo, ukimtoa bintiye, aliyekuwa mji wa jirani na akimpigia kila siku saa saba na nusu.

Sasa sikilizeni, maana kosa lilikuwa hapa. Adui wa mwisho wa gemu lao aliitwa Bawabu, mlinzi wa lango, na pale kwao adui mkubwa hakutungwa na kompyuta tupu. Alifundishwa na mtu. Wawili wanakaa na pedi zao, mmoja shujaa, mwingine kwenye kiti cha adui, na mashine inarekodi huyo wa pili anavyokinga na anavyojibu mapigo, mpaka iweze kumwiga. Walikuwa na desturi yao: wa kiti cha shujaa husema, "Karibu kitini," na mwenzake hubonyeza kitufe cha kuitikia, ndipo pambano lianze. Kijana aliyekalia kiti cha adui alikuwa ameacha kazi. Kidole, kwa haraka ya kazi, akawasha mashine, akailaza pedi ya pili juu ya kiti kitupu, na kwa mazoea mdomo ukamponyoka.

"Karibu kitini."

Taa ikawaka. Pambano likaanza.

"Loo, betri hizi," alijisemea, akapiga pigo la kwanza. Bawabu akakinga, na hapo hapo akarudisha upanga. Shujaa chini.

Kidole akacheka. Akajaribu tena, safari hii kwa ufundi. Adui anayekinga ana dawa zake, na yeye alizijua zote kwa moyo: unamzuga, unainua upanga halafu unausimamisha hewani ili ainue kinga bure, au unampiga teke kinga ifunguke, au unatulia umwache aanze, umkinge wewe, umjibu. Alizuga, Bawabu hakuzugika. Alipiga teke, Bawabu alikuwa ameshasogea hatua moja. Akatulia amngoje, na Bawabu naye akatulia. Dakika tatu nzima wakatazamana. Halikuwa likianza, lile dude. Lilijibu tu.

Na ndipo akasikia, kutoka kwenye kiti kitupu kando yake, mlio mdogo wa vitufe: tk, tk. Pakanuka nywele zilizoungua.

Mimi na wewe tungetoka mbio hata viatu tukaviacha. Yeye alibaki. Ni aibu kulisema, lakini nitalisema: alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe, kulikuwa na mtu anayemjibu kila alichofanya, papo hapo, bila kumwambia subiri kidogo.

Akacheza naye siku nne, kila saa ya chakula. Siku ya pili alimsalimia mlinzi wa getini, mlinzi akaendelea kuchokonoa meno. Siku ya tatu vijana walimwamkia, akaitikia, wakamwamkia tena, wakatazamana. "Leo Kidole kanuna," mmoja akasema. Siku ya nne ikawa zamu ya bintiye, alipopiga simu yake ya kila siku.

"Haloo? Mama?"

"Nipo, mwanangu. Tumbo linaendeleaje?" Binti alikuwa mjamzito wa mimba yake ya kwanza, wiki ya mwisho, na alikuwa na hofu.

"Haloo? Mama, mbona husemi? Nasikia unahema tu."

"Nasema! Wewe, nasema!"

"Umenikasirikia? Mama, nisamehe kama nimekukosea. Mimi nataka nisikie sauti yako tu kabla sijaingia leba. Naogopa." Akaanza kulia. Simu ikakatwa. Kidole akaandika ujumbe mrefu, na jibu likarudi: Mama, umenitumia ujumbe mtupu.

Alishuka ngazi akilia. Chini ya jengo lile alikuwapo dobi, mama mnene mwenye maneno, aliyejulikana mtaa mzima kuwa hupiga pasi nguo za watu na kuwaondolea mashetani, na kazi zote mbili alizifanya vizuri. Kidole akaanza kumweleza. Dobi akaweka pasi pembeni, akamkazia macho midomoni.

"Polepole. Nakusikia kwa mbali, umezibwa. Nani amesimama mbele yako?"

Kidole akamweleza yote. Dobi akashusha sauti.

"Unamkaribisha mgeni bila kuangalia kitini kuna nani? Na nyie mnajiita wasomi! Huyo si jini la kupiga, ni jini la kujibu. Kila ukimpiga unampa haki ya kurudisha, na anarudishia huku nje, kwa watu wako. Umempiga mara ngapi?"

"Sijahesabu."

"Basi bado anakudai majibu mengi. Kesho kaa naye, shusha upanga, usibonyeze hata kitufe kimoja. Asipopata cha kujibu atachoka, atageuka aende zake. Akikupa mgongo mwache apite. Usimguse. Umenielewa, dada yangu?"

"Nimeelewa," akanong'ona. "Na nikibaki peke yangu?"

Dobi akamtazama kwa huruma. "Una binti. Mshikilie huyo."

Kesho yake vijana walitoka kula, mlango ukafungwa, na Kidole akakaa. Taa ya pedi ya pili ilikuwa inawaka tayari. Kwenye skrini Bawabu alisimama langoni, upanga mbele ya kifua, na shujaa wa Kidole akashusha wake mpaka ncha ikagusa ardhi.

Dakika kumi. Vitufe vya kile kiti vikagonga, tk, tk, tk, kwa kuuliza, kisha kwa hasira, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni hadi machozi yakamtoka, kiti kikasogea karibu yake taratibu mpaka akahisi ubavu wake wa kushoto unapata baridi, na bado hakubonyeza, alikuwa akimwita bintiye moyoni, jina lake la utotoni, tena na tena, huku akisikia sikioni pumzi ya kitu ambacho kwa siku zile kilikuwa ndicho pekee kilichomsikia, kitu kilichokuwa karibu kumwomba kwamba apige hata pigo moja, dogo tu, la kuagana.

Kisha kukawa kimya. Kwenye skrini Bawabu akashusha kinga. Akageuka.

Mgongo wake ukajaa skrini, mpana, mtupu, hauna ngao wala upanga. Kidole alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na maadui wote walioshindikana kwa mbele aliwamaliza kwa nyuma. Kichwa chake kilisema mwache. Moyo wake ulisema mwache, ingawa ulisema kwa uchungu. Lakini dole gumba halina masikio. Liliona nafasi, likabonyeza.

Bawabu hakugeuza hata kichwa. Upanga wake ulizunguka nyuma ya bega, ukalidaka lile pigo, chuma kikalia, na skrini ikazimika.

"Hapana," Kidole alisema. "Hapana, hapana, nimekosea." Midomo ilicheza tu. Safari hii hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Simu ikaita. Akaidaka, akapokea, akaibana sikioni kwa mikono miwili.

"Mama?" Binti alikuwa akihema kwa nguvu. "Mama, uchungu umeanza, niko wodini. Sema chochote, nakuomba."

Kidole akafungua kinywa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikasimama, na chumba kikabaki kimya. Ndipo kutoka kiti cha adui ikasikika sauti yake, sauti ileile aliyombembelezea mtoto huyo miaka ishirini na sita iliyopita.

"Nipo, mwanangu. Usiogope."

"Mama! Jamani, mama yangu! Nilidhani umenitupa!" Binti alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Utakuja?"

"Nakuja sasa hivi. Mtoto nitampokea mimi mwenyewe, asimguse mtu mwingine."

"Haya, mama. Nitawaambia manesi wakungoje. Fanya haraka."

Kidole akajitupa kwenye kile kiti, akakumbatia hewa. Mlango wa karakana ukafunguka taratibu, na nyayo nyepesi za mwanamke zikaanza kushuka ngazi.